Nyanya zinaoza kitako huku mlimani Bugarika: ni kiu, ni udongo au ni samadi?

#1 Minza_Bugarika, 6 Septemba

Wakuu, salaam. Naombeni msaada kabla sijang'oa.

Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, huku juu kabisa Bugarika, jijini Mwanza, katikati ya mawe mawili makubwa. Matuta matatu, kila tuta miche minane ya nyanya aina ya Tanya. Udongo ni huu wetu wa mlimani, mchangamchanga. Nikachanganya na samadi ya ng'ombe niliyoletewa na kijana wa guta kutoka Igoma, viroba sita. Miche imekua hadi majirani wanasimama kuiangalia. Shida imekuja kwenye matunda. Yakifika ukubwa wa yai, pale chini lilipokuwa ua panaanza doa la majimaji. Siku mbili baadaye ni kahawia, wiki ikiisha ni jeusi limebonyea kama kizibo cha soda. Kwa juu nyanya haina kasoro. Majani nayo mazima, ya kijani.

Nilikwenda duka la pembejeo na nyanya yangu mkononi, nikauziwa dawa ya ukungu. Nimepiga mara mbili, hakuna kilichobadilika. Mama anasema ni maji ya ziwa. Jirani anasema samadi ilikuwa mbichi. Kwenye vichala vya kwanza nimehesabu matunda 31, nimetupa 14.

Nikitoka kazini napita bustanini kabla sijavua viatu. Siku hizi naogopa kuinua majani.

#2 Bwanashamba_Mstaafu, 6 Septemba

Dada Minza, weka bomba la dawa chini. Hapo hakuna ukungu wala mdudu. Hiyo ni kuoza kitako, nimeikuta kwenye mashamba ya watu kuanzia Magu hadi Sengerema. Tunda limekosa kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayoshikilia kuta za chembe za tunda. Ikipungua, nyama ya kitako inalegea, inakufa. Ukiona ukungu juu ya lile doa, ujue umekuja baadaye kula kilichokwisha kufa.

Ila msikimbilie kusema udongo hauna kalsiamu. Kalsiamu inasafiri na maji, kutoka mzizini kwenda juu, na ikishaingia kwenye jani haitoki tena kwenda kwenye tunda. Jani linapumua maji mengi, tunda kidogo sana. Siku mmea una kiu, majani yanavuta maji yote, na kitako cha tunda ndiyo nyumba ya mwisho kwenye bomba. Wanaoishi mlimani wanajua nyumba ya mwisho kwenye bomba inavyopata maji.

Nijibu moja: unamwagilia mara ngapi, na kiasi gani?

#3 Minza_Bugarika, 6 Septemba

Shikamoo mzee wangu. Maji yanapanda huku siku mbili kwa wiki. Siku hizo nalowesha hadi yanatiririka chini ya tuta. Siku nyingine nagawa yale ya kuoshea mboga. Mwisho wa Agosti nilisafiri siku nne, nikamwachia kijana ndoo.

#4 Bwanashamba_Mstaafu, 6 Septemba

Marahaba. Basi umejijibu.

#5 Ngwana_Luseni, 6 Septemba

Hapana mzee, hajajijibu. Mnausahau udongo.

Sisi Wasukuma udongo tumeupa majina kwa kuulima. Huku juu, mawe yanapomeng'enyeka, unapata luseni: mchanga wa chengachenga, maji yanapita kama kwenye chujio. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, ambao jembe linagonga tabaka gumu chini. Bondeni kabisa ni mbuga, mweusi, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii, kutoka kilimani hadi bondeni, akauita katena, na wataalamu wa udongo duniani kote sasa wanalitumia neno hilo. Bibi yangu alikuwa anaufuata tangu utotoni: muhogo na karanga kwenye luseni, mpunga mbugani.

Sasa luseni imetokana na graniti, na graniti ina kalsiamu kidogo toka mwanzo. Ongeza mvua za miaka na miaka zikiuosha mchanga. Umebaki udongo wenye tindikali na mtupu. Dada Minza anaweza kumwagilia kwa saa ya ukutani, kama ghala halina kitu, maji yatabeba nini? Weka chokaa ya kilimo, lowesha, subiri, halafu panda.

#6 Binti_Bunda, 6 Septemba

Ngwana_Luseni, mimi nalima mbugani kabisa, udongo mweusi, na ukichimba unakutana na vijiwe vyeupe vya chokaa. Kalsiamu ninayo ya kugawa. Mwaka jana nyanya zangu za Septemba zilioza kitako nusu. Hiyo nayo ni luseni?

#7 Ngwana_Luseni, 6 Septemba

Mbuga ni habari nyingine dada. Ikikauka inaukamata mzizi, ikilowa inauzamisha, na mzizi uliokosa hewa haunyonyi kitu. Ghala limejaa ila mlango umefungwa.

#8 Bwanashamba_Mstaafu, 7 Septemba

Ndiyo ninachosema. Mlango ni maji.

#9 Mkerewe_wa_Nansio, 7 Septemba

Habari za asubuhi wote. Watu wa bara mnasumbuka na viroba sita vya samadi, nendeni Ukara mkajifunze. Kile kisiwa ni kidogo, watu wamejaa, udongo wake ni huohuo wa graniti, na wamelima mahali pamoja vizazi na vizazi bila ardhi kuchoka. Zamani ng'ombe alikaa ndani ya shimo humohumo nyumbani, analetewa majani, samadi inapanda, inakanyagwa, inatolewa ikiwa imeiva, nyeusi, haina harufu. Halafu walikuwa wanapanda marejea katikati ya uwele na kuyafukia shambani yarutubishe udongo. Udongo wao walikuwa wanaulisha, kila mwaka.

Mleta mada, uliposhika hiyo samadi ya Igoma ilikuwa na joto? Ulikuwa unayaona majani waliyokula ng'ombe?

#10 Minza_Bugarika, 7 Septemba

Ilikuwa na joto, ndiyo. Na ilinuka.

#11 Mkerewe_wa_Nansio, 7 Septemba

Basi jirani yako ana macho. Samadi mbichi inaunguza vinyweleo vya mizizi, na kinyweleo ndicho kinachokunywa.

#12 Msomi_wa_Malimbe, 7 Septemba

Nyongeza kwa Mkerewe. Samadi mbichi inatoa naitrojeni nyingi ya namna ya amonia, na amonia inagombania mlango mmoja na kalsiamu kwenye mzizi. Zaidi ya hapo, naitrojeni ikizidi mmea unajaza majani, na mzee ameshasema majani ndiyo yanayonyang'anya maji. Mleta mada amesema mwenyewe kwamba majirani wanasimama kuangalia ukubwa wa miche. Mimi sifa hiyo inanipa wasiwasi. Dada, uliongeza urea?

#13 Minza_Bugarika, 7 Septemba

Konzi moja kila shina, wiki mbili baada ya kupandikiza.

#14 Msomi_wa_Malimbe, 7 Septemba

Konzi! Dada yangu, urea ni kijiko cha chai tena kisichojaa, mbali na shina. Kama ni lazima ukuzie, tumia mbolea ya CAN, ambayo ina kalsiamu ndani yake.

#15 Mama_Dagaa_Mwaloni, 7 Septemba

Mimi sijasoma udongo ila nyanya zangu za Kirumba hazijawahi kuoza kitako, na nimelima miaka tisa kwenye madumu na ardhini. Siri yangu ni mapanki. Mifupa ya sangara nachoma motoni mpaka iwe myeupe, natwanga kwenye kinu cha zamani, natia viganja viwili kwenye kila shimo mwezi mmoja kabla ya kupanda. Na vumbi linalobaki chini ya viroba vya dagaa nalimwaga kwenye mboji. Mfupa ni kalsiamu, hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua.

#16 Kijana_Pasiansi, 7 Septemba

Mama Dagaa, mimi nilifukia mapanki bila kuchoma. Usiku uleule mbwa wa mtaa mzima walikuja, asubuhi nikakuta mashimo, miche ipo barabarani.

#17 Mama_Dagaa_Mwaloni, 7 Septemba

Mwanangu, nimesema nachoma. Soma vizuri.

#18 Bwanashamba_Mstaafu, 7 Septemba

Mama, heshima kwako, ila mfupa unayeyuka taratibu sana. Ukiweka leo, nyanya ya leo haitauona. Na wale watakaoleta maganda ya mayai, jibu ni lilelile.

#19 Ngwana_Luseni, 7 Septemba

Hapa nasimama na Mama Dagaa. Mfupa unachelewa kwenye udongo usio na tindikali. Kwenye luseni, tindikali yenyewe ndiyo inayoumung'unya. Ndiyo maana hata mbolea ya Minjingu, ambayo ni mwamba wa fosfati uliosagwa na wenye kalsiamu nyingi, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Na yeye anaweka mwezi mmoja kabla, tena mwaka hadi mwaka. Miaka tisa ya mifupa imejenga ghala.

#20 Mzee_Igombe, 8 Septemba

Nami niseme la maji ya ziwa, maana mama yake mleta mada hajajibiwa. Maji ya ziwa letu yana chumvi, ndiyo yanaharibu.

#21 Msomi_wa_Malimbe, 8 Septemba

Mzee wangu shikamoo. Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi yake ni ndogo mno. Maziwa ya chumvi ni Natron, Eyasi na wenzao wa bonde la ufa. Ya kwetu ni laini, ukifulia sabuni inatoka povu mara moja. Na hapo ndipo mama wa Minza anaweza kuwa na hoja bila kukusudia: maji laini maana yake kalsiamu yake ni kidogo. Wenzetu wenye visima vya maji magumu wanamwagilia kalsiamu kila siku bila kujua. Sisi tunamwagilia maji matupu kwenye mchanga mtupu.

#22 Mzee_Igombe, 8 Septemba

Marahaba. Nimekuelewa. Kumbe nilishika mkia nikadhani ni kichwa.

#23 Mhaya_wa_Kashai, 8 Septemba

Niwaletee kesi ya Bukoba. Huku mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, inanyesha karibu kila mwezi. Udongo wetu una tindikali kuliko wenu na umeoshwa kuliko wenu. Maji tunayokunywa ni ya ziwa hilohilo. Na kuoza kitako nakuona mara mojamoja tu, kwenye miezi ya Juni na Julai ambayo mvua inapungua. Kama udongo ndiyo mchawi, mimi nisingevuna nyanya.

#24 Kijana_Pasiansi, 8 Septemba

Hapo mzee Bwanashamba kafunga goli.

#25 Ngwana_Luseni, 8 Septemba

Goli la kuotea. Muulizeni Mhaya anavuna nyanya ngapi mvua ikishika. Bakajani chelewa inazimaliza hata hazijafika kuoza kitako. Na bustani ya Mhaya ipo chini ya migomba, inapata majani na mboji miaka yote. Huwezi kuilinganisha na luseni iliyo wazi.

#26 Mhaya_wa_Kashai, 8 Septemba

La bakajani ni kweli, sibishi. Mwaka juzi kitalu kizima kiliungua kwa wiki moja. La migomba nalo ni kweli. Ila bado.

#27 Mwalimu_wa_Ramani_Nyegezi, 9 Septemba

Nimesoma kurasa zote. Naomba niangalie juu badala ya chini. Dada Minza, hayo mawe mawili yapo upande gani wa matuta?

#28 Minza_Bugarika, 9 Septemba

Kubwa lipo kaskazini, refu kuliko nyumba. Dogo lipo magharibi.

#29 Mwalimu_wa_Ramani_Nyegezi, 9 Septemba

Nilihisi. Mwanza ipo kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni na Julai jua letu la saa sita limeinamia kaskazini, kwa hiyo jiwe lako kubwa lilikuwa linatupa kivuli juu ya miche. Miche ilikulia kivulini, majani mapana, laini. Sasa jua linarudi. Mwishoni mwa Septemba linapita utosini kabisa, mtu akisimama saa sita mchana kivuli chake kipo chini ya nyayo. Jiwe lako halina tena kivuli cha kutoa mchana, na lile la magharibi linapashwa moto kutwa na kuutema joto jioni. Mmea uliolelewa kivulini umewekwa jikoni ndani ya wiki chache. Majani yanapumua maji mara mbili, na matunda ndiyo kwanza yanakua, wakati ambao yanahitaji kalsiamu kuliko wakati wowote.

Nenda saa nane mchana uweke kiganja juu ya jiwe, halafu uniambie.

#30 Minza_Bugarika, 9 Septemba

Mwalimu, nimeweka, nimeondoa upesi. Sikuwahi kuliwazia hilo jiwe hata siku moja. Nimelizoea kama ukuta.

#31 Bwanashamba_Mstaafu, 9 Septemba

Mwalimu, hiyo ni kiu, kwa njia ndefu. Ila njia nimeipenda.

#32 Dada_wa_Bwiru, 9 Septemba

Jamani jiwe nalo lina wema wake, msilichafue jina. Bustani yangu ipo chini ya jiwe lenye mgongo mpana, kama mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, kila mita ya mraba inapokea lita 10, kwa hesabu jiwe zima ni lita 400. Kuna yanayoruka, kuna yanayonyonywa, lakini nilijenga kingo ndogo ya saruji inayoelekeza maji kwenye pipa, na kwa mvua moja ya vuli napata mapipa mawili hata na ziada. Usiku jiwe linatoa joto polepole, na huku kwetu juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari usiku wa Julai unakuwa na ubaridi. Pilipili hoho zilizo karibu na jiwe zinawahi kuiva kuliko za mbali.

Adui yangu ni pimbi. Wanatoka kwenye nyufa alfajiri, wanakaa kwenye tuta la matembele kama wageni wa harusi. Wamemaliza lote. Nimeweka miba, wameruka.

#33 Kijana_Pasiansi, 9 Septemba

Mimi rafiki yangu ni yule mjusi wa mawe, dume lenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Yupo mmoja kila siku saa nne anapanda juu ya fito ya nyanya, anatikisa kichwa, anashuka kukamata wadudu. Mdogo wangu alitaka kumpiga manati, nikamkatalia. Kuna aina yake inabeba jina la mji wetu hata kwenye vitabu vya wanyama, *Agama mwanzae*. Kwa nini nimuue mlinzi asiyelipwa?

#34 Mama_Dagaa_Mwaloni, 9 Septemba

Safi sana mwanangu. Na ukiamka mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla upepo wa ziwa haujageuka, mwagilia ukiwa peku. Harufu ya majani ya nyanya ikigusana na maji, mimi siuzi hiyo dakika kwa gunia la dagaa. Mume wangu alipofariki nilikaa miezi sijui nifanye nini na asubuhi. Bustani ndiyo iliyonipa asubuhi yangu tena.

#35 Minza_Bugarika, 9 Septemba

Pole mama yangu. Na asante kwa kusema.

#36 Mtu_wa_Kisesa, 10 Septemba

Wakati nyie mnahangaika na nyanya, mimi kiangazi nimewekea mgagani na majani ya kunde. Mgagani unastahimili, siku 30 unachuma. Kunde zikizidi tunachemsha majani kidogo, tunaanika, tunapata nsansa ya kula hadi Desemba, unapika na karanga. Kiangazi cha Usukuma kina mboga zake. Nyanya ni mgeni, ndiyo maana anadai shuka jipya kila siku.

#37 Ngwana_Luseni, 10 Septemba

Nsansa na ugali wa mtama! Umenirudisha kwa bibi. Ila mgagani nao haupendi kiu, ukikaukiwa unatoa maua haraka na kuwa mchungu.

#38 Mvuvi_Kayenze, 10 Septemba

Kuhusu kiu na joto, dawa ipo inaelea bure: gugu maji. Tunalivuta ufukweni, linakauka siku tatu, tunatandaza unene wa kiganja kwenye matuta. Tuta linabaki na unyevu siku tano. Likioza linakuwa mboji. Limetusumbua toka liingie ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, sasa litulipe fidia.

#39 Msomi_wa_Malimbe, 10 Septemba

Mvuvi, wazo zuri, na tahadhari moja kubwa. Gugu maji linanyonya madini mazito kutoka majini, risasi na wenzake. La Kayenze kwenye maji wazi ni moja, la kwenye midomo ya mito inayopita mjini kama Mirongo ni jingine. Hilo la mjini msiliweke kwenye chakula. Na msilitandaze likiwa bichi lenye mizizi na maua karibu na bwawa au mfereji, litaanza maisha upya. Fukusi, wadudu wanaolila gugu hilo, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walilipunguza sana ila halikuisha.

#40 Binti_Bunda, 10 Septemba

Nyasi kavu au maganda ya mpunga yanatosha kabisa. Mpunga tunao kila kona.

#41 Bwanashamba_Mstaafu, 10 Septemba

Mmesahau aina. Tanya na Roma, hizi za kurefukarefuka, zinaoza kitako kuliko za mviringo. Wanaozipenda wanazipendea ganda gumu la kusafirishia. Dada Minza hasafirishi popote, anapika nyumbani. Ya mviringo ingemfaa.

#42 Mama_Dagaa_Mwaloni, 10 Septemba

Mzee, mimi napanda Tanya miaka yote tisa.

#43 Minza_Bugarika, 11 Septemba

Nimeandika kila jibu kwenye daftari la mtoto. Nimeamua nising'oe. Nitafanya hivi, mnikosoe:

Tuta la kwanza, natandaza maganda ya mpunga, na kila shina napa lita moja na nusu kila jioni, bila kuruka, hata nikibeba maji kutoka bondeni. Tuta la pili, sibadilishi ratiba ya maji ila nafukia unga wa mifupa ya kuchoma (Mama Dagaa nimekuja Mwaloni jana, asante kwa kikombe) pamoja na majivu. Tuta la tatu naliacha kama lilivyo. Matunda yote yaliyooza nimetoa leo, nahesabu mapya tu. Urea sigusi popote.

#44 Ngwana_Luseni, 11 Septemba

Mwangaluka dada. Hilo ni jaribio la kweli. Ila umechanganya mfupa na majivu. Tuta la pili likipona tutajuaje ni lipi? Majivu yanapunguza tindikali haraka, mfupa unachelewa.

#45 Mwalimu_wa_Ramani_Nyegezi, 11 Septemba

Na lipi lipo karibu na jiwe la magharibi?

#46 Minza_Bugarika, 11 Septemba

Tuta la tatu. Nimeshaweka alama, siwezi kuhamisha mawe wala matuta.

#47 Mkerewe_wa_Nansio, 11 Septemba

Samadi ilishawekwa Julai. Mpaka Oktoba itakuwa imeiva yenyewe humohumo ardhini. Matuta yote yatapona na kila mtu atadai ushindi.

#48 Kijana_Pasiansi, 28 Septemba

Dada Minza, tupo hapa. Matokeo?

#49 Minza_Bugarika, 28 Septemba

Bado mapema, matunda mapya ni ya gololi. Nilichokiona ni hiki: saa nane mchana tuta la kwanza majani yamesimama, la pili na la tatu yanalala. Jioni yote yanasimama. Na saa sita leo nimesimama katikati ya matuta, Mwalimu, kivuli changu sikukiona.

#50 Mwalimu_wa_Ramani_Nyegezi, 28 Septemba

Ndiyo siku zake hizi.

#51 Minza_Bugarika, 19 Oktoba

Wakuu, nimerudi na hesabu.

Tuta la kwanza, maganda ya mpunga na maji ya kila jioni: matunda 58, yaliyooza kitako 3.
Tuta la pili, mifupa na majivu: matunda 49, yaliyooza 6.
Tuta la tatu, lisiloguswa: matunda 44, yaliyooza 11.

Ila kuna jambo. Tarehe 4 mvua ya vuli iliingia, ikanyesha siku nne mfululizo, halafu ikawa inarudi kila baada ya siku moja au mbili. Tokea hapo matuta yote yananyweshwa sawa. Nilivyoandika kwenye daftari, matunda yote yaliyooza yalianza doa kabla ya mvua. Baada ya tarehe 8 sijaona doa jipya hata moja, popote.

#52 Bwanashamba_Mstaafu, 19 Oktoba

Kiu. Nimemaliza.

#53 Ngwana_Luseni, 19 Oktoba

Mzee subiri. Tuta la pili lilikuwa na kiu ileile ya la tatu na lilioza kidogo kuliko la tatu. Hiyo tofauti imeletwa na nini kama siyo majivu?

#54 Mwalimu_wa_Ramani_Nyegezi, 19 Oktoba

Tuta la tatu liko kwenye jiwe la moto. Na vuli imekuja na mawingu, joto limeshuka.

#55 Mkerewe_wa_Nansio, 19 Oktoba

Na samadi imeiva. Nilisema.

#56 Mama_Dagaa_Mwaloni, 19 Oktoba

Minza mwanangu, hizo 131 nzima umezifanyia nini?

#57 Minza_Bugarika, 19 Oktoba

Kisado kimoja kwa jirani wa samadi, kimoja kwa mama. Zilizobaki tumekula, na nyingine nimezianika juu ya jiwe la magharibi jua likitoka. Wewe una vyako nimekuwekea, nakuletea Jumamosi. Mtu wa Kisesa, hizo mbegu za mgagani naweza kupata? Tuta la tatu nataka kulipumzisha.

#58 Mtu_wa_Kisesa, 19 Oktoba

Ninazo kopo zima. Nyakato sokoni Jumapili saa tatu, nitakuwa na baiskeli ya bluu. Zimwage juujuu tu, usizifukie sana, mbegu zake ni ndogo.

#59 Dada_wa_Bwiru, 20 Oktoba

Kabla hujapanda mgagani, kwenu kuna pimbi?